Mibuni ya Tarime na Maradhi Yake

Wilaya ya Tarime iko kaskazini kabisa ya Mkoa wa Mara, mpakani mwa Kenya. Nchi yake ya juu ina vilima vingi, na baridi ya asubuhi, na mvua zinyeshazo mara mbili kwa mwaka. Huko Wakurya hulima mahindi, ulezi, mihogo na ndizi, na juu ya vilima hulima kahawa. Ukishuka kuelekea kusini na kuvuka mto Mara, waingia Wilaya ya Serengeti, nchi iliyo chini zaidi na yenye joto zaidi. Mti wa kahawa huitwa mbuni. Ndege yule mkubwa akimbiaye katika mbuga za Serengeti naye huitwa mbuni, walakini habari hizi ni za mti, wala si za ndege. Ndege wakiwa wengi ni mbuni vile vile. Miti ikiwa mingi ni mibuni.

Ukiingia katika shamba la kahawa mwishoni mwa mvua kubwa, waweza kuona jambo la kushangaza. Mibuni miwili imesimama karibu, hatua tatu tu kati yake. Yote miwili hunyeshewa na mvua ile ile, hupaliliwa kwa jembe lile lile, na hutiwa samadi ya zizi lile lile. Mmoja umejaa majani mabichi na matunda mazito. Wa pili umepukutisha majani yake, vitawi vyake vinakauka kuanzia ncha na kurudi nyuma, na matunda machache yaliyosalia yamekuwa meusi. Watu wengine wakiuona mti huo husema ni bahati mbaya, na wengine husema ni jicho la jirani. Si bahati wala si jicho. Mti wa kwanza ni wa ukoo uwezao kushindana na ugonjwa, na wa pili ni wa ukoo usioweza.

Ili kulifahamu jambo hili yafaa kwanza kumjua adui mwenyewe. Adui huyo ni kuvu. Kila mtoto ameiona kuvu, ijapokuwa huenda hakujua jina lake: uyoga ni kuvu, na manyoya meupe au ya kijani yaotayo juu ya ugali uliolala siku nyingi ni kuvu pia. Kuvu haina majani ya rangi ya kijani, kwa hiyo haiwezi kujipikia chakula kwa nguvu ya jua kama mimea ifanyavyo. Lazima ile chakula cha mwingine. Nyingi hula vitu vilivyokufa, nazo hazina ubaya. Pasipo hizo, majani na magogo yaliyoanguka msituni yasingeoza ipasavyo. Lakini ziko nyingine zilazo mimea ingali hai.

Mojawapo huleta ugonjwa uitwao kutu ya majani. Ukichukua jani la mbuni mgonjwa na kuligeuza, utaona upande wa chini vidoa vyenye vumbi la rangi ya chungwa, mfano wa kutu ya panga lililoachwa kwenye mvua. Pitisha kidole, nalo vumbi litashika kidoleni. Kila punje ya vumbi hilo ni mbegu ya kuvu, ndogo hata jicho haliwezi kuiona peke yake. Upepo huichukua, na matone ya mvua huirusha. Ikitua chini ya jani lenye maji humea na kutoa uzi mwembamba, nao uzi hutambaa mpaka upate mojawapo ya vile vitundu vidogo ambavyo jani huvuta pumzi kwavyo. Hapo huingia ndani na kuanza kula. Jani ndilo jiko la mti. Jani lililoliwa hunyauka na kuanguka kabla ya wakati wake, na mti uliopoteza majani mengi huku ukiwa na matunda ya kulisha hutumia akiba yake yote, hata vitawi hufa kuanzia ncha. Tena mbuni huzaa juu ya vitawi vilivyokua mwaka uliotangulia. Basi mkulima aliyepigwa na kutu mwaka huu huiona hasara kubwa zaidi mwaka ujao, wakati ambapo huenda amekwisha kuisahau kutu yenyewe.

Ukali wa ugonjwa huu ulijulikana ulimwenguni kwa habari ya kisiwa cha Sri Lanka, kilichoitwa zamani Ceylon. Karne ya 19 kisiwa hicho kilikuwa na mashamba makubwa sana ya kahawa, mlima baada ya mlima, yote ya aina moja. Mwaka 1869 kutu ilionekana. Wenye mashamba hawakushtuka sana, maana mibuni haikufa mara moja. Ilidhoofika mwaka baada ya mwaka. Lakini haukupita muda wa miaka 20 kabla ya kahawa ya Ceylon kuwa karibu imekwisha, na watu wakang'oa mibuni wakapanda chai. Mtu anywaye chai ya Ceylon leo anakunywa, kwa namna fulani, kazi ya kuvu ile.

Ugonjwa wa pili ni chulebuni. Huu ni wa Afrika hasa. Ulitambuliwa mara ya kwanza katika sehemu ya magharibi ya Kenya mwaka 1922, ukaingia Tanzania mwaka 1964, na Ethiopia mwaka 1971. Kuvu yake haijali sana majani. Hutaka matunda mabichi, nayo hupenda baridi na unyevu wa nchi za juu. Tangu wiki ya 4 hata wiki ya 14 baada ya maua kuanguka, tunda la mbuni huwa laini, na wakati huo ndio wa hatari. Kidoa cheusi chenye kubonyea kidogo huonekana juu ya ganda. Kidoa hukua, tunda lote huwa jeusi, kisha huanguka au hukauka juu ya tawi. Mbegu za kuvu hii hunata, kwa hiyo hazipeperushwi na upepo kama zile za kutu. Hushuka na maji ya mvua kutoka tawi hadi tawi. Watafiti wamekadiria kwamba katika mwaka wa mvua nyingi, shamba lisilonyunyiziwa dawa laweza kupoteza hadi sehemu 80 katika kila sehemu 100 za mavuno.

Hivyo nchi ya juu ina adui wake, na nchi ya joto ina adui wake. Mbuni uliopandwa juu kabisa ya vilima vya Tarime huiogopa chulebuni zaidi, na uliopandwa chini zaidi huiogopa kutu zaidi. Shamba lililo katikati huweza kupata yote mawili, jambo ambalo kwa mkulima ni kama kuwa na fisi mlangoni na chui dirishani.

Sasa, mbona mibuni haifanani mbele ya adui hawa? Kahawa inywewayo duniani hutoka hasa katika aina mbili za mibuni. Ya kwanza ni arabika, ambayo asili yake ni misitu ya juu ya Ethiopia. Ya pili ni robusta, ambayo asili yake ni misitu ya Kongo, Uganda na nchi zilizo jirani. Wahaya wa Kagera, ng'ambo ya Ziwa Viktoria, waliijua robusta zamani sana. Walichemsha buni zake, wakazikausha, wakazitafuna na kumkaribisha mgeni kwazo, kabla ya mtu yeyote kuwauzia kikombe cha kahawa. Robusta ni mti wenye nguvu. Kwa kawaida kutu haiwezi kuiletea hasara kubwa, na chulebuni haiidhuru. Arabika ina harufu na ladha nzuri kuliko robusta, na bei yake kwa kawaida ni kubwa zaidi, lakini ni dhaifu mbele ya maradhi yote mawili. Mibuni ya Tarime ni arabika.

Udhaifu wa arabika una sababu yake. Ua la robusta halipati mbegu mpaka liletewe chavua ya mti mwingine. Kwa hiyo watoto wa robusta hutofautiana, kama watoto wa wazazi wawili watofautianavyo. Ua la arabika hujichavusha lenyewe, na mtoto hufanana sana na mzazi wake. Tena arabika iliyoenea duniani ilitoka katika miti michache iliyochukuliwa Yemeni. Ukoo mmoja ulipitia kisiwa cha Bourbon, ambacho sasa huitwa Réunion, na kutoka huko mapadre wa Roho Mtakatifu walileta mbegu zake Bagamoyo katika karne ya 19. Jamaa kubwa iliyotoka kwa mababu wachache ina nguvu chache za kurithi. Kuvu ikipata ufunguo wa mlango mmoja, imepata ufunguo wa kijiji kizima.

Hata hivyo, katika arabika yenyewe hutokea mara chache mti ulio tofauti. Mwaka 1911, huko Mysore katika nchi ya India, mkulima Mwingereza aitwaye Kent aliona katika shamba lake mti ambao kutu haikuushambulia. Alitwaa mbegu zake, na uzao wa mti huo ukaitwa Kent. Wakulima walifurahi sana. Lakini baada ya miaka kama 10 kutu ilianza kuonekana juu ya majani ya Kent pia. Mti haukubadilika. Kuvu ndiyo iliyobadilika: kati ya mbegu zake zisizohesabika, chache zilikuwa na uwezo wa kuingia mahali ambapo nyingine zilishindwa, nazo zikazaana. Tangu hapo wataalamu wamejua kwamba kutu nayo ina koo nyingi, na kwamba mbuni uliosalimika leo huenda usisalimike milele.

Wala mtu asidhani kwamba robusta, kwa kuwa ina nguvu, haina wa kuiangusha. Mwaka 1993 wakulima wa Uganda waliona mibuni yao ya robusta ikinyauka. Majani yaligeuka manjano, yakaanguka, na katika muda wa miezi michache mti mzima ulikuwa umekufa. Ukichubua ganda la shina karibu na ardhi uliona chini yake rangi nyeusi yenye kuelekea bluu. Ugonjwa huo ni mnyauko fuzari. Kuvu yake huingia penye jeraha, mara nyingi jeraha la jembe au la panga, nayo huziba mishipa ipandishayo maji. Mwaka 1997 ulifika Kagera. Dawa haikuwako, mti mgonjwa hung'olewa na kuchomwa moto papo hapo, na panga lililotumika husafishwa kabla ya kugusa mti mwingine. Uganda ilipoteza sehemu kubwa sana ya robusta yake, mpaka watafiti wa Kituza walipochagua katika mashamba yaliyoharibika mibuni iliyobaki hai na kuizalisha.

La ajabu ni hili: arabika haikudhurika na ugonjwa huo wa Uganda na Kagera. Huko Ethiopia kuna mnyauko uuao arabika, lakini kuvu yake ni ukoo mwingine, na ule hauigusi robusta. Basi hakuna mti ulio hodari kwa yote. Mtu akisema, "Mbuni huu ni mgumu," yapasa kumwuliza, "Mgumu mbele ya ugonjwa gani?"

Kisiwa cha Timor, mbali sana upande wa mashariki, ndicho kilichotoa msaada mkubwa. Katika miaka ya 1920, kati ya mibuni ya arabika huko, ulionekana mti uliozaliwa na arabika na robusta kwa kuchanganyika wenyewe, pasipo mkono wa mtu. Jambo hilo hutokea mara chache mno. Mti huo ulijichavusha kama arabika, na ulikuwa na kinga ya robusta dhidi ya kutu. Watafiti wa nchi nyingi waliutumia uzao wake. Huko Ruiru, Kenya, waliuchanganya na mibuni mingine yenye kinga dhidi ya chulebuni, mmojawapo ukiwa ule uitwao Rume Sudan uliotoka Sudani Kusini, na mwaka 1985 wakatoa kwa wakulima aina iitwayo Ruiru 11.

Nchini Tanzania kazi hiyo hufanyika Lyamungu, mkoani Kilimanjaro, ambako kituo cha utafiti kilianzishwa mwaka 1934. Aina zilizochaguliwa hapo zamani, N39 na KP423, zilisifiwa kwa mavuno na kwa ladha. KP423 ni wa ukoo wa yule Kent. Zote mbili hushikwa na kutu na chulebuni. Basi Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, ambayo makao yake makuu yako hapo Lyamungu, ilichukua aina hizo za ladha nzuri ikazichanganya na zile za kinga, na tangu mwaka 2005 imewapa wakulima miche ya arabika isiyoshindwa upesi na kutu wala chulebuni. Taasisi hiyo ina kituo kidogo Sirari, wilayani Tarime.

Kupima kinga ni kazi ya subira, lakini si lazima mtafiti angoje miaka 3 mpaka mti uzae. Huotesha miche katika trei, na miche ikiwa na umri wa wiki 6 hivi hunyunyizia vishina vyake maji yenye mbegu za kuvu ya chulebuni, kisha huiweka mahali penye ubaridi na unyevu. Miche dhaifu huwa na madoa meusi na kufa. Iliyo na kinga husimama. Mtu akiangalia kwa darubini ndani ya tunda lenye kinga ataona namna mti upiganavyo: mahali kuvu ilipoingia, mti hujenga ukuta mgumu mfano wa gome, na kuvu hubaki nje ya ukuta ikifa kwa njaa. Katika jani lenye kinga ya kutu vita ni vya namna nyingine. Chembe za jani zilizoguswa hujiua zenyewe upesi, na kwa kuwa kutu haiwezi kuishi juu ya kitu kilichokufa, nayo hufa. Ni kama watu wanaochoma nyasi mbele ya moto wa mbuga ili moto ukose cha kula.

Sasa mfikirie mzee mmoja wa vilima vya Muriba mwenye mibuni 500 ya kale. Mibuni hiyo imelipa ada za shule za watoto wake wote. Mwaka wa mvua nyingi umekuja, na matunda yameanguka meusi chini ya miti. Aweza kununua dawa ya shaba, jamaa ya mrututu ule uliochanganywa na chokaa na wakulima wa zamani. Lakini dawa hiyo huzuia tu, haiponyi, na lazima inyunyizwe kabla kuvu haijaingia, tena na tena, na kila mara ni gharama. Mvua ikinyesha saa ile ile baada ya kunyunyiza, fedha imekwenda na maji. Au aweza kung'oa na kupanda miche mipya, akae kama miaka 3 bila kuvuna, na huku mjukuu wake anangoja ada.

Mjukuu mwenyewe ameleta shauri. Ameona kwa jirani mibuni mipya iliyojaa majani, akaokota mbegu zake mfuko mzima.

"Mura," asema mzee, "mbegu hizi zitazaa mti kama ule?"

Hazitazaa, au angalau si zote. Mti ule umechanganywa kwa wazazi wasiofanana, na mbegu zake huwagawia watoto urithi bila usawa: huyu hupata kinga ya kutu, huyu ya chulebuni, huyu hapati hata moja. Ndiyo sababu miche ya Lyamungu huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipande vya kitawi vilivyooteshwa mizizi. Kikonyo ni mti ule ule mama, haukupungua kitu. Mbegu za mfuko ule zafaa kukaangwa na kunywewa.

"Basi nitaikata mibuni yangu?" mzee auliza. "Huu hapa ulimsomesha baba yako."

"Hatutaung'oa, babu. Tutaubebesha."

Kubebesha ni hivi. Shina la kale hukatwa karibu na ardhi. Machipukizi huota, yaliyo dhaifu huondolewa, na moja au mawili huachwa. Likifikia unene wa kalamu, chipukizi hukatwa na kupasuliwa kidogo, na ncha ya mbuni wenye kinga huchongwa na kuingizwa katika ufa huo, kisha hufungwa imara kwa utepe na kufunikwa isikauke. Mizizi ni ile ile ya kale iliyokwisha kuujua udongo. Majani na matunda ni ya mti mpya. Nao huzaa upesi kuliko mche uliopandwa katika shimo, kwa kuwa mizizi yake ilikwisha kukomaa.

Mzee akubali, lakini si kwa shamba zima, na hapo ameonyesha busara. Mwaka wa kwanza abebesha mistari iliyo bondeni, mahali ukungu wa asubuhi ukawiapo kuondoka na majani hubaki na maji mpaka saa nne. Mistari ya juu, yenye jua na upepo, aiacha kwanza kama ilivyo, aipogolee na kuinyunyizia dawa, ili mavuno yake yalipe ada wakati ile ya chini inapokua. Na kazi ya mjukuu kila Jumamosi ni kupita katikati ya mistari yote, ya kale na mipya, akigeuza majani na kutazama upande wa chini.